Kabati la 1832 lina vitobo na droo zinakwama: nilichukue au niliache?

*Swali: Habari fundi. Naishi Göteborg na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano, mdogo mmoja na nusu. Kuna mzee nje ya mji anauza kabati la zamani, la msonobari, limepakwa bluu iliyopauka, milangoni kuna maua na juu mbele limeandikwa K.L.D. 1832. Limekaa miaka mingi kwenye ghala lake lisilo na hita. Anasema ni Gustavian orijino na hizo herufi ni sahihi ya fundi. Anataka kronor 4,500. Urefu sm 205, upana 120, kina 44, linaachana vipande viwili. Nimelipenda sana ila lina vitobo vidogo nyuma na miguuni, droo mbili zinakwama, rangi inabanduka pembeni mwa milango na ndani linanuka uzee. Nilitaka liwe kabati la nguo chumba cha watoto, nikwangue rangi nipige vanishi mbao ionekane. Mume wangu anasema wadudu watahamia kwenye kitanda na sofa, bora tununue la kuunganisha wenyewe. Na tukijenga Tanga tungependa kulipeleka nyumbani. Unashauri nini?*

Dada yangu, kwanza asante kwa kupima kina. Watu wananitumia picha nzuri kabisa za makabati ila kina hawasemi, na kwa samani hizi za zamani za huku Sweden kina ndicho kinachoamua kama utalitumia au litakaa pambo. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo lakini naona hofu yako hasa ni moja, usije ukaingiza ndani kitu kizuri alafu kikaharibu vingine au kikadhuru watoto. Nikujibu kwa kifupi: kwa bei hiyo, na kama ukaguzi nitakaokwambia hapa chini ukienda sawa, lichukue. Ila sio la chumba cha watoto, sio la nguo za kutundika, na hiyo habari ya kukwangua rangi iondoe kichwani kabisa.

Tuanze na mzee wako. Sidhani kama anakudanganya, labda anarudia alichosikia, maana siku hizi kila kitu cha zamani chenye rangi iliyopauka kinaitwa Gustavian, jina linauza. Mfalme Gustav III wa Sweden alitawala kuanzia 1771 mpaka 1792, na staili yenye jina lake ni ya ikulu na matajiri wa mjini: mistari iliyonyooka, miguu inayochongoka kwenda chini yenye mifereji, rangi za kijivu na nyeupe iliyopoa, au vinia, yaani vipande vyembamba vya mbao za thamani vinavyobandikwa juu, zilizopangwa mpaka zikatoa picha, kama kazi za Georg Haupt wa Stockholm aliyefariki 1784. Sasa 1832 mfalme alikuwa Karl XIV Johan, na mjini walishahamia kwenye samani nzito za mti wa björk na mahogani zenye nguzo nguzo. Lako sio la huku wala la kule. Hilo ni kabati la wakulima, wanaziita allmoge, zilitengenezwa na mafundi wa kijijini kwa mbao iliyokuwepo, yaani msonobari, na fasheni za mjini ziliwafikia kwa kuchelewa wakazichanganya na mambo yao wenyewe. Ndio maana unakuta umbo limenyooka kama la Gustav lakini milangoni kumejaa maua. Kila mkoa ulikuwa na mkono wake, Dalarna wana yale maua yao makubwa ya kurbits, na Hälsingland walipamba mpaka kuta, nyumba saba za wakulima wa kule ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2012. Kwa hiyo usione umepunjwa, mimi binafsi nikiambiwa nichague kati ya komodi ya ikulu na kabati kama lako nachukua lako, tena siombi hata muda wa kufikiria.

Na zile herufi sio sahihi ya fundi. Ni mwenye kabati. Wakulima wa huku wakati ule wengi hawakuwa na jina la ukoo, mtu aliitwa jina lake na jina la baba yake, kwa hiyo herufi ya mwisho ikiwa D ni dotter, binti wa fulani, ikiwa S ni son. K.L.D. basi ni mwanamke, pengine Kerstin au Karin binti wa Lars, na mwaka mara nyingi ni wa harusi au wa kuanza nyumba yake. Kule kwetu pwani binti kwenda kwa mumewe akiwa na kasha lake si jambo geni, huku nako ilikuwa hivyo hivyo, kasha au kabati lenye jina lake, ndani mashuka na nguo alizofuma mwenyewe.

Lakini mwaka unaweza kuandikwa juzi. Nenda na tochi uangalie mahali mbao ilipopasuka na maandishi au maua yanapita juu ya ufa. Kama ufa umeikata rangi, kingo zimevunjika kavu na ndani ya ufa mbao haina rangi, basi rangi ilikuwepo kabla mbao haijapasuka, hiyo ni dalili nzuri. Kama rangi imeingia ndani ya ufa, mtu amepaka kabati likiwa tayari limezeeka. Alafu chomoa droo moja, hasa zile zinazokwama, uipindue. Chini yake pitisha vidole: mbao iliyorandwa kwa mkono haiko flati, utasikia mawimbi mepesi kama uko kwenye bati lililopondwa pondwa kidogo. Ukiona mikwaruzo ya msumeno yenye umbo la upinde, mistari ya duara, hiyo mbao imepasuliwa na msumeno wa mviringo na 1832 kijijini ni mapema mno kwa hilo. Angalia na pembe za droo zilivyoumana, fundi wa mkono anakata meno machache, mapana, hayalingani, saa nyingine unaona mpaka mstari mwembamba aliochora kupimia. Meno mengi membamba yaliyofanana kabisa ni mashine. Na skrubu yenye ncha kali ya kuchimba ni ya baada ya katikati ya karne ya 19, ukiikuta kwenye bawaba inawezekana tu bawaba ilibadilishwa, sio lazima kabati zima liwe feki, ila ukikuta na skrubu, na upinde wa msumeno, na rangi ndani ya nyufa, vyote pamoja, basi hiyo 1832 mpe pole yake mzee na bei ishuke.

Sasa wadudu, maana naona shemeji ndipo aliposhikilia. Vitobo vya duara vya milimita moja mpaka mbili ni vya yule mdudu mdogo anayebungua mbao za samani, na kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba kitobo ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia. Yai linatagwa kwenye ufa, funza anakaa ndani ya mbao miaka kadhaa akila taratibu, akikomaa ndio anatoboa anatoka, kawaida kati ya Mei na Agosti. Kwa hiyo kitobo unachokiona kinakwambia mdudu alishaondoka, labda mwaka jana, labda miaka mia iliyopita. Cha kujua ni kama ndani kuna wengine. Kitobo kipya kina kingo kali na ndani ni cheupe kama mbao iliyokatwa leo, cha zamani kimejaa uchafu na ndani kimekolea. Ligonge kabati kwa kiganja uone kama unga unadondoka, alafu utandike karatasi nyeusi chini ya miguu uiache wiki kadhaa. Unga mweupe mpya ukirudi baada ya kufuta, na hakuna anayeligusa, wapo.

Je watahamia kwenye sofa? Hapa shemeji amechanganya kidogo. Huyu mdudu anahitaji mbao yenye unyevu ndani, chini ya asilimia kama 12 ya unyevu kwenye mbao maisha yake yanakuwa magumu, na fleti ya Göteborg yenye hita miezi yote ya baridi mbao yake inashuka mpaka 6 au 7. Anaishi vizuri kwenye maghala, makanisa yasiyo na hita, nyumba za likizo za kando ya bahari, ndio maana kabati lako lina vitobo nyuma na miguuni, sehemu zilizokuwa karibu na ukuta na sakafu yenye unyevu. Ndani ya fleti yako kavu, kizazi hakiendelei. Ukitaka uhakika kuna watu wanaogandisha samani, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima au zaidi ikiwa imefungwa kwenye plastiki, na wengine wanatumia joto linalofika zaidi ya nyuzi 50 mpaka katikati ya mbao huku wakidhibiti unyevu. Usiliache tu nje Januari ukidhani baridi ya Göteborg itatosha, haitoshi. Na usipulize sumu, sio kitu ambacho kitakaa nyumba moja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ukikuta vitobo vikubwa vya umbo la yai, vya milimita tano na kuendelea, huyo ni mdudu mwingine kabisa, anayekula mbao za majengo, hapo usilibebe, mwambie na mzee akague paa lake.

Hilo la unyevu ndilo hilo hilo linalokwamisha droo, na hapa naomba uvumilie nieleze vizuri maana ukilielewa umeelewa nusu ya kazi yangu. Mbao haiachi kunywa na kutoa maji ya hewani, hata ikiwa na miaka mia mbili. Ikinywa inapanuka, ila inapanuka kwa upana wake tu, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Hewa ya ndani ya nyumba za huku baridi kali inashuka mpaka asilimia 20 au 30 ya unyevu, wakati wa joto inapanda 60, na ubao wa msonobari wa sm 40 kati ya hali hizo mbili unaweza kucheza milimita 3 mpaka 5. Fundi wa 1832 alilijua hilo bila kipimo chochote. Angalia milango yako, ile paneli ya katikati haijagundishwa, imechomekwa kwenye mfereji wa fremu ili icheze humo ndani bila kupasuka, na saa nyingine wakati wa baridi utaona mstari mwembamba wa mbao isiyo na rangi pembeni mwa paneli, hapo imesinyaa, usishtuke wala usijaze gundi. Ukiigundisha paneli ikisinyaa haina pa kwenda, inapasuka katikati.

Kwa hiyo droo inayokwama Agosti na kuteleza Januari haina ugonjwa. Usiirande Agosti, maana Januari itakuwa inacheza kama jino bovu. Sugua mshumaa mkavu chini yake na kwenye njia zake, mara nyingi inatosha. Inayokwama mwaka mzima ndiyo yenye tatizo, kawaida njia zake zimelika mpaka zikawa na mtaro na droo inainamia mbele, hiyo fundi anaongeza kipande chembamba cha mbao, ni kazi ndogo. Kikubwa ni usilitoe kabati ghalani katikati ya baridi ukalileta moja kwa moja sebuleni kwenye nyuzi 22. Uso wa mbao utakauka kwa siku chache wakati katikati yake bado kuna maji, na hapo ndipo mbao zinapasuka kwa mlio na rangi inaruka. Lilete mwishoni mwa masika au kiangazi, lizoee taratibu, na liwe mbali na radieta.

Tuje kwenye rangi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na fasheni hiyo hiyo unayoitaka, mbao ionekane, na makabati mengi sana ya msonobari yalitumbukizwa kwenye mapipa ya kostiki soda. Rangi ya miaka mia na hamsini ikayeyuka kwa siku moja, na pamoja nayo gundi, maana gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa ya wanyama, maji moto na soda vinaitoa, viungo vikalegea, uso wa mbao ukabaki na manyoya manyoya. Na fundi wa kijijini hakukusudia ile mbao ionekane hata siku moja, alichagua ubao wenye vifundo na viraka kwa sababu alijua rangi inakuja. Thamani ya kabati lako, ya pesa na ya historia, karibu yote iko kwenye hiyo bluu na hayo maua. Ukiikwangua utabaki na mbao ya msonobari ya kawaida ambayo kwenye mnada zinauzwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili.

Sababu ya pili ni afya. Rangi za zamani za mafuta ya kitani mara nyingi zilikuwa na weupe wa madini ya risasi, na huo ulianza kuzuiwa kwenye rangi za ndani ya majengo baada ya mkataba wa kimataifa wa 1921. Rangi ikiwa imeshika vizuri na haiguswi sio hatari ya kukukimbiza, hatari ni vumbi lake na magamba yake yanayoingia mdomoni, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kila kitu kinapita mdomoni. Ndio maana nikasema sio chumba cha watoto, na ndio maana nakuomba usipige msasa mkavu wala usitumie mashine ya hewa ya moto, hata dirisha likiwa wazi. Chukulia ina risasi mpaka ipimwe. Sehemu inayobanduka usiiguse, mpe fundi mhifadhi, wenyewe huku wanaitwa konservator, anayarudisha magamba chini kwa gundi maalumu na brashi ndogo. Kwingine futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu na kukamuliwa, basi. Ukisikia mtu anakwambia lipake mafuta ya kitani ling'ae, kwa uso wenye maua yaliyopakwa rangi mimi sikubaliani naye, na kama utayatumia popote pale ndani ya nyumba jua kwamba matambara yenye mafuta hayo yakikunjwa yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, yatandaze nje au yaloweke kwenye maji.

Harufu haina neno kubwa. Toa droo zote, fyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio kizuri, futa ndani, acha milango wazi wiki mbili tatu mahali penye hewa, weka bakuli la magadi ya kuokea ndani. Ukiona madoa ya ukungu yenye manyoya, hapo kausha kwanza ndio usafishe.

Basi litumike kwa nini? Hanga ya kawaida ina upana wa sm 42 mpaka 45, ongeza na mabega ya nguo unahitaji kina cha ndani kama 55, ndio maana makabati ya nguo ya kisasa yana 58 au 60. Lako nje ni 44, toa unene wa mlango na mgongo umebaki na 40 hivi. Halikutengenezwa kwa hanga, watu wa 1832 nguo walizikunja au walizitundika kwenye vigingi ukutani. Unaweza kuweka fimbo fupi inayotoka nyuma kuja mbele, hanga zikatazama mlango, lakini zinaingia chache na utalitoboa kwa ajili ya mashati kumi. Mimi ningeliweka sebuleni au ukumbini: mashuka, taulo, vitenge na khanga zilizokunjwa, vyombo vya wageni. Kwa kazi hiyo hakuna la kisasa linalolishinda, mashelfu ni marefu na huoni kitu kinachopotea nyuma kwa sababu ni la kina kifupi. Tandika karatasi isiyo na asidi maana msonobari mtupu na misumari ya zamani vinaacha madoa kwenye nguo nyeupe. Soksi za watoto na madaftari ya shule, hapana, droo zitafunguliwa mara thelathini kwa siku na njia zake zitaisha.

Na lifunge ukutani, hata kama halitakuwa chumbani kwao. Vipande viwili vilivyopandana bila skrubu, sm 205, mtoto akining'inia mlangoni kinachokuja ni kile cha juu. Kona za chuma ziweke nyuma juu, ambako hakuna rangi, na moja iunganishe kipande cha juu na cha chini. Kitasa kama kinafunga, funguo usiiache mlangoni, mtoto anaweza kujifungia.

Shemeji naye ana hoja, nimpe haki yake. Kwa chumba cha watoto chenyewe la kuunganisha ndilo sahihi, kina cha 60, rangi isiyo na risasi, likiharibika halikuumi. Au kama mnapenda mbao, tafuteni komodi ya zamani ambayo ilishapitia kostiki soda, hiyo hamna cha kuogopa kuharibu, rekebisha droo, paka rangi mpya ya watoto, ifunge ukutani, na zinapatikana rahisi kweli kwa sababu hakuna mtu anazigombania.

Tanga sasa. Ukweli wangu, usilipeleke. Hewa ya pwani ina unyevu wa asilimia 75 na zaidi karibu mwaka mzima, mbao iliyozoea kuwa na unyevu wa asilimia 6 mpaka 11 ndani yake itapanda mpaka 15 au 16, droo na milango vitakaza na hutapata Januari ya kuvilegeza, gundi ya ngozi italainika, na kabla ya hapo kuna wiki kadhaa ndani ya kontena linalopata joto kali. Msonobari wenyewe ni chakula cha mchwa, na funza ambao fleti kavu ingewamaliza utawarudishia mazingira yao. Pia Sweden ina sheria ya kulinda vitu vya kale, kuna vinavyohitaji kibali kutoka Riksantikvarieämbetet, idara ya serikali ya urithi wa kale, kabla ya kuvuka mpaka, kwa hiyo ungelazimika kuwauliza kwanza. Nyumba ya Tanga ijengee makabati ya mvule au mninga na mafundi wa hapo hapo, mbao hizo zinahimili mchwa na unyevu kuliko msonobari wowote.

Mwisho ni lini umwite mtu aje alione kwa macho. Ukipata unga mpya kwenye ile karatasi nyeusi, piga simu kwa konservator au kampuni ya wadudu kabla halijaingia ndani. Rangi ikiwa inadondoka kwa magamba makubwa, sio pembeni tu, vivyo hivyo. Ukitaka kujua limetoka mkoa gani, piga picha za maua, za pembe za droo na za bawaba uwapelekee watu wa makumbusho, Nordiska museet Stockholm wanazo samani nyingi za aina hiyo za kulinganishia. Na kama mtoto ameshalamba au kutafuna rangi hiyo, au kuna mtu alishaanza kupiga msasa ndani ya nyumba, hilo sio la kuniuliza mimi, piga 1177, namba ya ushauri wa afya ya huku, wakuelekeze kupima risasi kwenye damu.

Kuhusu bei, 4,500 kwa rangi ya asili sio mbaya, ila mwambie mzee kuhusu vitobo na hizo njia za droo, na muulize kama funguo anayo.